Oili Aliyoimimina Mwenyewe

Fundi aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini iliyokuwa ikinguruma, akabana sikio kwenye mpini, akafumba macho. Hivyo ndivyo alivyosikiliza injini zote, na kwa sababu hiyo watu walimwita Sikio. Alisikiliza valvu, akasikiliza cheni, kisha akamsikiliza mume wa dereva, ambaye alikuwa akikohoa.

"Shemeji," alisema alipoinuka, "huyu bwana amekauka koo. Hii oili lazima imwagwe."

"Imwagwe, na yeye aende nayo?" Dereva alivua miwani ya jua ili fundi amwone vizuri. "Sitaki kusikia."

Mumewe aliishi ndani ya injini ile tangu siku ya ajali. Asubuhi ya siku hiyo alibadilisha oili mwenyewe uani, akiimba, akafuta faneli kwa kitambaa cha jikoni na kugombezwa. Jioni, kwenye kona ya barabara kuu, taa ya oili iliwaka. Aliegesha pembeni, akafungua boneti, akainama. Lori lililotokea nyuma halikumwona. Kwa kuwa kichwa kilikuwa tayari ndani, hakwenda mbali. Watu waliporudi kutoka mazikoni walimkuta anauliza nani ameacha dirisha la nyuma wazi, na mama yake akaenda kulifunga.

Tangu hapo mke alishika usukani na teksi ikaendelea kulisha nyumba. Mume alimwonyesha njia za mkato na kumwonya kuhusu abiria wa kukopa. Jumapili mama mkwe alileta kiti, akaketi mbele ya boneti, akammwagia mwanawe umbea wote wa mtaa. Abiria walizoea kumsalimia kabla ya kufunga mlango. Wachache walilalamika kwamba anaongea mno, lakini hata alipokuwa mzima alikuwa hivyo hivyo.

Kosa la mke lilikuwa moja, tena la mapenzi. Hakukubali kabisa ile oili ibadilishwe. Ilipopungua aliongeza kidogo juu, lakini ile ya chini, aliyoimimina marehemu kwa mkono wake, haikuguswa, wala filta haikuguswa. Ikawa nyeusi, ikawa nzito kama uji uliosahaulika jikoni, na sauti ya mumewe ikazama humo. Siku hizi akijaribu kusema "kata kushoto" alikohoa hadi taa za mbele zikapepesa, na kona ilikuwa imeshapita.

"Ukizidi kungoja injini itakamata, isizunguke tena," Sikio alisema. "Ikishakamata, shemeji, hata mimi sina la kufanya. Nilikula naye sahani moja huyu, unadhani napenda?"

Dereva akapiga moyo konde, akakubali. Aliomba tu ichuruzikie kwenye beseni safi. Sikio aliingia chini ya gari, akalegeza nati, na oili ikashuka taratibu huku wote wawili wakiingoja kama walio kando ya kitanda cha mgonjwa. Kikohozi kilififia. Kilipokwisha, dereva alishika ukingo wa boneti kwa mikono miwili.

Kisha Sikio alikata filta kwa msumeno, kama alivyofanya siku zote, akaikunjua juu ya meza. Ndani ya mikunjo kulijaa nyuzi za kitambaa. Alizichomoa kwa kibano, akazitandaza kwenye kipande cha boksi.

"Alinunua wapi hii oili?"

"Duka kubwa la pale kona. Sinthetiki, ile ya juu kabisa. Dumu lilikuwa na lakiri yake. Alivimba kichwa siku nzima."

"Hii haijawahi kuwa sinthetiki. Ni oili chakavu, imechujwa kwa shuka ikarudishwa kwenye dumu. Nyuzi zimeziba filta. Ndiyo maana ile taa iliwaka."

Dereva alilitazama beseni. Kitu alichokilinda kama kumbukumbu ya mwisho ya mkono wa mumewe ndicho kilichomsimamisha mumewe pale kwenye kona. Alilia bila kujificha, na Sikio alimpa kitambaa kisicho na grisi, ambacho katika gereji ile kilikuwa kimoja tu.

"Kamwage," dereva alisema alipomaliza kulia.

Zikaja oili za sinthetiki za kulinganisha. Kuhusu jambo hili madereva hubishana kuliko mashabiki wa mpira, na kila mmoja ana dumu lake la kulifia. Sikio hakubishana. Alijaza kwanza ile ya dumu la fedha, sifuri-ishirini, nyepesi kama maji. Mume alirudi papo hapo, lakini kwa kasi. Maneno yalimteleza, akatoa maelekezo ya safari tatu kwa pumzi moja, na baadhi ya silabi zikavuja chini ya gari na kuacha madoa sakafuni.

"Hiyo ni ya injini changa," Sikio alisema. "Mipira ya huyu ya kuzuia kuvuja imeshachoka."

Ya pili ilikuwa ya dumu la buluu, tano-thelathini, yenye sabuni nyingi ya kusafisha masizi. Ilimsafisha kweli. Akawa mpole, akaitikia kila kitu. Mkewe alipita njia ndefu makusudi, akasikia chini ya boneti, "Upendavyo mpenzi, sina neno." Alirudi gereji mbio mbio. Alisema huyo mwanamume hamjui, na yeye ni mke wa mtu, hawezi kuzunguka mjini naye.

Ya tatu ilikuwa ya dumu jeusi, tano-arobaini, iliyotengenezwa kwa injini zilizokula barabara, na ndani yake mna dawa ya kulainisha mipira. Sikio aliitoa kwenye kabati lake mwenyewe. Dereva aliwasha gari. Injini ilinguruma, ikatulia.

"We mwanamke," ilisema boneti, "ondoa mguu kwenye klachi."

"Asante Mungu," dereva alisema, na mguu akauondoa. "Asante, Sikio. Asante, asante." Sikio aligeuka kupanga spana zilizokuwa zimekwisha kupangwa.

Mume aliposimuliwa habari ya nyuzi, alikumbuka kila kitu: rafu ya chini, sura ya muuzaji, hata mzaha aliomfanyia. Walimpeleka kwa ofisa wa viwango. Ofisa alitoka nje, akamsalimia marehemu kwa heshima, akamsikiliza hadi mwisho. Alisema ushahidi umenyooka, ila shahidi lazima aweze kusimama mbele ya meza. Akawapa pole. Siku chache baadaye gari la ofisa lilionekana limeegeshwa nyuma ya duka la kona, likibadilishwa oili bure.

Shida ni kwamba dumu jeusi halisi, mjini kote, liliuzwa katika duka hilo hilo tu. Lilikaa rafu ya juu, kwenye kioo, kwa wateja wanaojua kugeuza dumu na kukagua kifuniko. Rafu ya chini ilikuwa ya wenye haraka. Basi kila muda wa kubadilisha ukifika, dereva huingia pale, hugeuza dumu, hukwaruza lakiri kwa ukucha. Mwenye duka humfungia vizuri na kumzawadia faneli.

"Mzee hajambo?" huuliza.

"Hajambo. Anashukuru," hujibu, na ni kweli, kwa kuwa mumewe hushukuru kila tone.

Wiki iliyopita, baada ya kununua, alisimama kwenye taa nyekundu kando ya pikapu ya kubebea mikate. Chini ya boneti ya pikapu mwanamke mmoja alikuwa akikohoa.

"Pole, dada," mume alisema. "Rafu ya chini?"

"Rafu ya chini," alijibu yule mwanamke kwa shida.

Mwanamume aliyekuwa kwenye usukani wa pikapu alitazama mbele, macho mekundu. Dereva alishusha kioo. Alimwambia asiogope kuimwaga, mkewe hataondoka nayo. Alimtajia dumu jeusi, tano-arobaini, akamfundisha kukwaruza lakiri kwa ukucha, na mwanamume alipouliza linapatikana wapi, alimwelekeza duka la kona, maana kwingine halipatikani.

"Asante sana, dada yangu," yule bwana alisema, akawasha indiketa kuelekea huko.