Ufito Unaosikia

Machi kanisa letu la Kiswahili huku ugenini lilipofungwa kwa ajili ya korona, ibada zilihamia kwenye simu. Shemeji yangu Urbanus, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kufungua na kufunga sauti zetu. Kila nilipoanza kusali, alinifunga. "Shemeji, kwako kuna mwangwi," aliniandikia. Mwangwi haukuwapo. Kwa miezi miwili nilisali mdomo ukichezacheza kwenye kioo kama wa samaki, nikisikiwa na Mungu peke yake.

Mei serikali iliruhusu watu kumi kukutana nje. Urbanus akakusanya wanaume, wakawa tisa pamoja naye, wakawa wanavua na kusali kila Jumamosi ukingoni mwa mto Georges, pale East Hills. Walijiwekea utaratibu mmoja: anayepata samaki wa kwanza ndiye anayeongoza sala ya kufunga. Nafasi ya kumi ilikuwa wazi. Nikaiomba.

"Kwetu Kemondo umewahi kuona mwanamke ameshika chombo cha kuvulia?" Urbanus aliniuliza kwenye simu.

"Hapa si Kemondo, shemeji."

"Samaki hawajui hilo."

"Basi nitawaambia mwenyewe."

Akacheka. Akasema nikate leseni ya kuvua nije nijaribu, ufito wa kuvulia ataniazima yeye.

Ufito alioniazima ulikuwa mnene kama mchi. Pale mtoni wanavua samaki wa kichwa bapa anayelala mchangani. Unafunga ndoano yenye kichwa cha risasi na chambo laini cha mpira, unaiacha izame mpaka chini, unaiinua kidogo, unaiacha ianguke tena. Samaki huidaka inapoanguka, na hugonga mara moja tu. Jumamosi ya kwanza, asubuhi yote sikuhisi kitu. Mara tatu nilivuta mshipi nikakuta chambo kimekatwa mkia.

"Umewalisha vizuri, shemeji," Urbanus alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Ndiyo kazi ya mama hiyo."

Walicheka wote, hata Mutua, ambaye ni mtu mpole.

"Nakupa Jumamosi moja tu zaidi," Urbanus akaongeza. "Mpaka sala ya kufunga. Usipopata samaki, nafasi naigawa."

Nilirudi nyumbani Guildford nikiwa na hasira, nikapiga magoti, nikamwambia Mungu kila kitu bila kupamba. Nilipoinuka nilijua jambo moja: mikono yangu haina kosa. Nafanya kazi ya kufua nguo katika nyumba ya wazee. Kabla nguo haijaingia kwenye mashine naipapasa, na kwa vidole hivi nimetoa mifukoni meno ya bandia, pete za ndoa na vile vifaa vidogo vya kusikilizia ambavyo mwingine angedhani ni vifungo. Kama samaki alinigonga nisimsikie, ni ule mchi uliomeza habari njiani.

Wiki hiyo mwalimu wangu wa masomo ya jioni, ambaye siku hizo alitufundisha kwa kompyuta, alitutaka tusome makala yoyote ya Kiingereza kisha tumweleze. Wenzangu walichagua mapishi. Mimi nilichagua fito za kuvulia. Ilinichukua siku nne, kamusi mkononi, lakini nilitoka na kitu: namna ya kuupima ufito dukani kabla ya kuununua.

Alhamisi nikaenda dukani na rafiki yangu Zilpah, muuguzi Mkenya anayeishi Merrylands. Nilishika ufito kwa kishikio, nikamwambia aweke ncha kooni mwake aseme neno, nione kama mtetemo utafika kiganjani mwangu.

"Woi, Koku! Watu wanatuangalia."

"Waache waangalie. Sema chochote."

"Mimi ni nurse, najua vile hii kitu inakaa," alisema huku akiipangusa ncha kwa dawa ya kuua vijidudu. Kisha akaiweka kooni. "Nitasema nini sasa?"

Ufito wa kwanza, mnene wa faibaglasi, haukuniletea kitu. Mwenye duka akaja na wa pili, ambao ncha yake ilikuwa laini ikiyumba kama jani. Akasema huu ndio unaofaa wanaoanza, kwa sababu unaona ncha ikiinama samaki anapovuta. Zilpah alisema, na sauti yake ikapotelea kwenye ule ulaini.

"Mimi sitaki kuona," nikamwambia mwenye duka. "Nataka kusikia."

Niliusoma ukuta wote, kibandiko kwa kibandiko, mpaka nikashusha mmoja mweusi wa grafaiti, mwepesi kama kijiko cha chai, mkavu, usioyumba. Zilpah akanong'ona kiasi kwamba mimi mwenyewe sikumsikia kwa masikio. Lakini kiganja kilitetemeka.

"Rudia." Akarudia. Kiganja kikatetemeka tena.

"Umesema nini?"

"Nimesema nataka chai. Beba hiyo, dada. Urbanus atajua hajui."

Jumamosi nilifika wa tano, nikasimama mita moja na nusu kutoka kwa Mutua. Wengine wakaja, tukawa kumi. Mpaka saa tano hakuna aliyepata kitu. Ndipo gari likaegeshwa, akashuka Godson, mwenzetu wa kanisani, na kiti chake cha kukunja.

Urbanus alikohoa. "Shemeji, nilimwambia Godson aje, maana nilijua wewe utachoka. Sasa tumekuwa kumi na moja. Polisi wakipita ni faini. Itabidi mmoja aondoke."

Wote wakanitazama.

"Uliniambia mpaka sala ya kufunga."

"Mambo yamebadilika."

"Sheria haijabadilika. Inasema kumi, na mimi ni wa tano. Wa kumi na moja ndiye huyo anayekunjua kiti."

"Usinivunjie heshima mbele ya watu."

"Heshima yako iko palepale, shemeji. Na mimi niko papa hapa."

Sikuwa hata nimetazama mtoni. Ndoano ilikuwa inaanguka, na kiganja kikapata kitu kidogo, kama kucha inayogusa meza. Nikainua kwa nguvu. Ufito ukapinda, mshipi ukaenda kushoto, ukarudi, nami nikarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka samaki akalala kwenye majani, kichwa bapa, akipigapiga mkia.

Mutua alitoa rula. "Sentimita arobaini na moja. Sheria inataka thelathini na sita tu, mama."

Godson akakunja kiti chake. "Basi nitakuja wiki ijayo."

"Wiki ijayo pia tuko kumi," nikamwambia.

Saa sita ilipofika hakuna mwingine aliyepata kitu. Urbanus akavua kofia. "Tufumbe macho. Ee Bwana..."

"Samaki wa kwanza kampata nani?" Mutua aliuliza, akiwa ameutazama mto.

Urbanus aliikunja kofia, akaikunjua.

"Haya, shemeji. Sala fupi."

"Haitakuwa fupi," nikasema.

Nikalaza ufito wangu kwenye majani, nikapaza sauti. Pale mtoni hapakuwa na mtu wa kunifunga. Nilikuwa na miezi miwili ya kusema, nikaanza na Machi.