Mashine Iliyosimama Mlangoni

Sijasahau. Meneja alituita sisi wajaribu michezo ya kompyuta, akawasha skrini.

"Kuanzia leo kazi yenu itafanywa na akili bandia. Imejifunza yenyewe, haikumwiga mtu. Asanteni, kwaherini."

Mashine ikacheza. Ikakimbia, ikaruka mashimo, lakini kila ilipofika mlangoni ilisimama tuli kidogo, bila sababu.

Dada tuliyemwita Komando akacheka kwa hasira. "Hapo ndipo mimi hupiga funda la chai, bosi! Mmeiba uchezaji wetu, hata kufuta nyayo hamkufuta!"

"Sadfa tu, dada."

"Sadfa inakunywa chai? Andika hapa kwamba ilifunzwa na sisi, au hatutoki."

Tukaketi sakafuni, watu kumi na wanane. Ilipofika jioni meneja akaandika. Karatasi ninayo.