Mlenda Mbele ya Majaji wa Rufaa

Haya alinisimulia Inshirah, jirani yangu wa hapa Tanta, majira ya baridi yaliyopita, tukimenya vitunguu saumu mlangoni kwake.

Binti yake, Ragaa, alifungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili kwa saini ya mumewe, Shukri, aliyetaka kubaki na mtoto. Ragaa akakata rufaa. Hospitali ikajibu kwamba mwenye wazimu haendi mahakamani.

Lakini kila Inshirah alipopika mlenda, kitunguu saumu kikilia tu kwenye samli, Ragaa alikuwa jikoni, na gauni la hospitali, akivuta ile pumzi ya mshtuko ambayo wapishi wa huku husema bila hiyo mlenda haunogi. Alikula na mama yake. Sahani ya mwisho ikioshwa, kesharudi wodini. Basi siku ya rufaa Inshirah akabeba jiko.

"Hajjati, hapa si mgahawani," karani wa mahakama alimwambia.

"Na wewe utakula. Kelele za nini?"

Kitunguu kikalia. Ragaa akavuta pumzi mbele ya majaji watatu. Wakamhoji, akajibu yote. Jaji wa katikati akaomba limau, kisha akasoma hukumu.

"Mama huyu ana akili timamu. Atoke, kwa saini ya aliyempeleka."

"Mimi sisaini," alisema Shukri, akifuta bakuli kwa mkate.

"Na mwanangu?" Ragaa aliuliza.

"Mtoto hukaa na mama mwenye makazi. Makazi yako ni hospitali," jaji alijibu.

"Si mmesema mimi mzima?"

"Mzima kabisa, bibie. Na mlenda mtamu."

Karani akaanza kukusanya vyombo na kuviosha bombani, maana kesi nyingine ilikuwa inangoja. Ragaa alikuwa akimfunga utepe wa nywele binti yake Nesma, ambaye alikuwa ameikalia sahani moja.

"Inuka, kipenzi," karani alisema.

"Bado nakula."

"Unakula kwa makalio?"

Watu wakacheka, hata Ragaa. Shukri akamnyanyua mtoto, karani akaichukua sahani. Maji yakasikika bombani. Utepe ukabaki umefungwa nusu.

Wodini, muuguzi alimkuta Ragaa kitandani, ananuka saumu.

"Rufaa ulishinda, dada?"

"Nilishinda."

"Mabruki," alisema muuguzi, akampa kidonge na maji. Ragaa akakimeza, akageukia ukutani, akalala.