Mawe Niliyoyatoa Mlimani

Nilikuwa kwenye ndoo ya hamsini na kitu, magoti yamechubuka, nikiyatupa bondeni mawe meusi bapa ya sleti kwa fahari ya mtu anayefagia sebule kabla ya wageni, baba mkwe wangu Alois alipotokea kwenye ngazi za shamba la mizabibu.

"Irmtraud, unafanya nini?"

"Nasafisha shamba, Baba. Safu tatu nimeshamaliza!"

"Naona." Akageuka, akashuka polepole huku akishika ukuta.

Nilidhani amefurahi. Mimi nilizaliwa kwenye tambarare za kaskazini, kwenye mashamba ya viazi, ambako jiwe shambani ni aibu. Hapo kando ya mto Mosel, Ujerumani, nilikuwa nimeolewa miaka miwili tu, na mwanzoni mwa mwaka huo mzee, magoti yamemwisha, alikuwa ametangaza kwamba baada ya mavuno mizabibu ya mlimani itang'olewa. Mume wangu Gerold, fundi umeme, hakubisha. Mimi nililia. Leo nina miaka sitini na ushei na sioni haya kusema kwamba mlima ule niliupenda kabla sijampenda Gerold sawasawa. Umesimama wima hata trekta haliugusi. Unatazama kusini, upande wa jua, kutwa nzima, na mto chini yake unaurudishia mwanga, kana kwamba ule wa juu hautoshi. Nikaomba mwaka huo mmoja niulime mwenyewe.

"Haya, mama viazi," Alois alisema. "Zabibu zikiiva vizuri safu zote, shamba ni lako."

Oktoba tulipanda mlima pamoja, jua likikaribia kuzama. Kwenye safu zenye mawe nilitafuna zabibu moja, nikafumba macho kwa utamu. Kwenye safu zangu tatu nilizozisafisha, uso ulinikunjamana. Alois akaushika mkono wangu, akaulaza juu ya mawe ya safu ya jirani. Kivuli kilikuwa kimeshatufunika, lakini mawe bado yalikuwa ya moto, kama mkate uliotoka tanuri sasa hivi.

"Haya ndiyo yanayozipikia zabibu jua likishaondoka," alisema. "Wewe umezizimia jiko."

"Na siku ile uliniona! Mbona hukuniambia?"

Alitazama mto. "Nilitaka ushindwe. Babu yangu alianguka hapa, akafa. Sikutaka kukuokota wewe pia."

Nilikasirika mno, sikumsemesha wiki tatu. Mezani nilimsogezea supu na kumgeuzia mgongo.

Novemba, mavuno yakiwa yamekwisha na kilichobaki ni kuja kwa wang'oaji wa mizabibu, nilivaa kapu la mgongoni nikaanza kuyarudisha mawe. Mlima wangu au si wangu, sikuweza kuuacha ukiwa uchi. Nilipanda na kushuka siku mbili, nikilia na kutukana kwa zamu. Siku ya tatu niliposhuka, nilimkuta Alois amekaa mwisho wa mteremko, juu ya kreti iliyopinduliwa, akijaza kapu la pili.

"Usiyapange kama sahani kabatini," alisema. "Yamwage tu, yatajilaza yenyewe."

"Wang'oaji wanakuja lini?"

"Nimewaambia wasije." Akalipiga kapu kofi. "Beba, mama viazi. Kuna baridi."

Lilikuwa zito kuliko yote niliyokuwa nimejijazia mwenyewe. Nikalibeba.