Mrututu wa Mkwe

Mwanasiti binti Uweso alifundisha baiolojia miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakukutana na kichwa kigumu kama cha mkwewe Badru. Wajinga aliwazoea. Mjinga husema "sijui, mwalimu," nawe ukamfundisha. Badru hakuwa na neno hilo kinywani. Alijua dawa ya baridi yabisi, alijua kwa nini meli huzama, na tangu alipomwoa Zuwena, bintiye Mwanasiti, na kuhamia chumba cha uani pale Chumbageni, akajua na samaki pia.

Samaki wenyewe walikuwa wa Mwanasiti. Tangi lao la kioo lilikaa ukumbini, mahali ambapo watu wengine huweka televisheni. Ndani alipanda majani ya maji, mafupi mbele, marefu nyuma, na humo waliogelea samaki wadogo wenye mikia ya rangi pamoja na kamba wasiozidi ukucha, ambao aliwapenda kuliko wote. Kila mmea mpya aliuloweka kwanza katika ndoo ya maji ya shabu, kuua vijidudu na mayai yao, ndipo aupande.

Siku moja Badru alirudi kutoka Mwera na fungu la majani aliyoyang'oa mtoni. Mwanasiti alikuwa chumbani anaswali adhuhuri. Alipokunja msala na kutoka, majani yalikwisha kupandwa, tena marefu yakiwa mbele.

"Nimekupambia, mama," Badru alisema.

"Umeyaloweka?"

"Ya mtoni hayo, mama. Yameloa tangu kuumbwa."

Mtu na mkwewe wana adabu zao. Mwanasiti alimeza alichotaka kusema, akamkaribisha chai.

Wiki ya pili konokono wa kwanza alionekana kiooni, mdogo kama punje ya mtama. Wiki ya tano walikuwa hawahesabiki. Walipanda vioo, wakatoboa majani, wakabandika vijifuko vya mayai yenye ute kila mahali.

"Hao wafagizi tu, mama," Badru alituliza. Lakini jirani yao Sabiri alipokuja kutazama akacheka, Badru akageuza maneno palepale. "Dawa yao mrututu. Kijiko kimoja, kwisha!"

"Mrututu una shaba," Mwanasiti alimwambia polepole, kama anayesomesha kidato cha kwanza. "Unamuua konokono, na kamba unamuua. Halafu konokono mamia wakifa kwa mkupuo, wataozea wapi?"

"Majini, mama."

"Na samaki wanaishi wapi?"

Badru akacheka, akidhani ni kitendawili.

Mwanasiti alikuwa na njia yake. Jioni alizamisha jani la mchicha lililochemshwa, akaliwekea kijiwe juu. Asubuhi alilitoa limejaa konokono, akawapelekea kuku. Alifanya hivyo siku nne. Siku ya tano zikaja habari kwamba shangazi yake amefariki Tongoni.

"Samaki wape chakula kidogo," alimwagiza Zuwena akifunga mkoba. "Na tangi asiliguse mtu." Aliposema "mtu" alimtazama Badru.

Alikaa matangani siku tatu. Aliporudi, harufu ilimpokea mlangoni, na Badru amesimama barazani anatabasamu.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba. Konokono wamekwisha, hata wa dawa hupati!"

Kweli walikuwa wamekwisha. Maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele, makoa yamelundikana chini, na kamba wamelala chali, wekundu kama waliochemshwa. Samaki waliobaki hai walitweta juu ya maji. Wengine walielea ubavu.

Mwanasiti alivua buibui, akakunja mikono ya gauni. "Zuwena, lete ndoo. Maji ya pipani, si ya bomba yenye dawa."

Waliokoa samaki kumi na mmoja. Alipomaliza kuwahamisha ndipo alipomgeukia mkwewe.

"Ulitia vijiko vingapi?"

"Kimoja, mama. Halafu niliona wanachelewa kufa."

"Halafu?"

"Vikawa vitatu. Lakini konokono si wamekwisha?"

"Baba," alisema Mwanasiti, "hata nyumba ukiichoma moto, panya wanakwisha."

Zuwena aliziba mdomo kwa kanga, lakini kicheko kikamponyoka. Badru alishika ndoo mbili akaanza kuchota maji machafu bila kuambiwa.

Walipoanza kutoa mchanga, Mwanasiti aliona chini yake tabaka jeusi la kinyaa, nene kama kidole. Lilikuwa chakula cha samaki kilichooza.

"Mama," Zuwena alinong'ona, "tangu ustaafu unawalisha mara nne kwa siku. Konokono wamenona kwa mkono wako."

Mwanasiti alilinusa lile tope. Mtu aliyewafundisha watoto wa watu nani anakula nini! Uso ulimwaka moto.

"Nyamaza," alisema. "Mumeo asisikie."

Baada ya miezi miwili tangi lilikuwa na mchanga mpya, na majani yaliyopitishwa kwenye shabu mara mbili. Hata hivyo konokono wachache walijitokeza tena. Safari hii Mwanasiti aliwalisha samaki mara moja tu kwa siku, akarudia mchicha wake, na kazi ya kutoa jani kila asubuhi akampa Badru. Konokono wakapungua hadi kuhesabika kwa vidole.

Asubuhi moja akinywa chai alimsikia Badru barazani na Sabiri.

"Mrututu ni ujinga," Badru alikuwa anaeleza. "Konokono hutegwa kwa mchicha, bwana. Njia hii nimeigundua mwenyewe."

Mwanasiti akasonya, akainuka kufunga dirisha.