Maneno ya Bi Doroti

Bi Doroti wa Marekani alipopanga chumba cha juu kwa Mwanapili, mwimbaji wa taarabu pale mtaa wa Malindi, alisema atakaa mwezi mmoja. Mwezi! Mwaka wa pili huo, na Mwanapili keshamzoea hata chai haimshuki asipomwona.

Miaka arubaini Bi Doroti alikuwa mtunzi wa michezo ya kuimba huko New York. Mmoja ulivuma, watu wakapanga foleni mvuani. Wa mwisho ulidumu siku nne. Siku ya kwanza watu waliinuka katikati ya wimbo, wakatoka safu kwa safu, naye amekaa na mumewe wameshikana mikono. Tokea hapo hakuandika tena, hata mumewe alipofariki.

Sasa kaandika. Wimbo mmoja tu, wa mke ambaye bado analala upande wake wa kitanda, ule wa pili kamwachia marehemu. Mwanapili akautia Kiswahili, wakigombana kwa kila neno.

"Nnauimba Idi pili, kwenye taarabu ya alasiri," alisema Mwanapili.

"Wakiuchukia, basi. Sishiki kalamu tena mpaka nife."

"Ushaanza! Hebu kunywa chai."

Idi pili ukumbi ulifurika, marashi yananukia mpaka barabarani. Mwanapili alipofika ubeti wa pili, wanawake wakaanza kuinuka. Mmoja, wawili, mara safu nzima. Furaha ilimjaa. Akamtafuta mwenzake kwa macho, akamwona keshakwapua mkoba, anaukimbilia mlango.

Loo! Mwanapili akajilaumu. Kamfundisha kula urojo, kamfundisha kufunga kanga, hili hakumwambia. Lakini nani hukumbuka kumwambia mtu kwamba kwenye taarabu maneno yakikugusa unainuka, unakwenda mbele kumtuza mwimbaji?

Akamwashiria Hamid wa fidla aendelee kupiga, akashuka na gauni lake linaburura, akamdaka mlangoni.

"Unakwenda wapi, wewe?"

"Wanaondoka. Nshayaona haya zamani."

"Hawaondoki, mwenzangu, wanakuja kwangu! Geuka uone. Nakuomba."

Bi Doroti akageuka. Kweli, wote walikuwa wameelekea mbele. Aliyetangulia ni Bi Tahiya, mjane wa Kikwajuni, amesimama chini ya jukwaa na noti yake mkononi, machozi yanamtiririka, anamngoja mwimbaji arudi. Mwanapili akamshika Bi Doroti mkono, wakaenda pamoja. Bi Tahiya akamtuza Mwanapili, kisha akamnong'oneza kitu sikioni.

"Anasema nini?" Bi Doroti aliuliza kwa hofu.

"Anasema maneno haya ni yake. Anauliza nani kakuhadithia habari zake."

Bi Doroti alimtazama yule mjane, naye machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

"Mwambie ni yake kweli," akasema. "Mwambie mimi nimemwandikia tu."