Mahudhurio ya Miti

Kila Ijumaa saa nane mchana shangazi yangu huita mahudhurio ya miti. Cheka tu. Mimi nilicheka wiki nzima nilipopata kazi ya kuchapa barua katika ofisi ya shule anayofundisha. Hushika daftari la mahudhurio lililokosa darasa, akasimama kiwanja cha nyuma, na wanafunzi wake wa somo la mazingira hujipanga, kila mmoja kando ya shimo lake.

"Namba thelathini na mbili!"

"Hayupo, mwalimu."

"Kaenda wapi?"

"Kakauka."

Hutia msalaba mwekundu, akaendelea. Huita taratibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulijua jibu. Ijumaa ninayoisimulia, walioitika "yupo" walikuwa kumi na mmoja, ukiwemo mlimao wa nyuma ya vyoo, ambao unaishi kwa maji ya kunawia mikono na hauna shukrani, maana hauzai.

Sera ya elimu ya mazingira, tuseme haki, ni nzuri. Nimeichapa mara mbili, kwa hiyo naijua kuliko walioipitisha. Ndiyo iliyolipatia somo la shangazi kipindi chake kwenye ratiba. Ndiyo inayoleta gari la serikali kila mwaka na kushusha miche mia mbili. Maji haikuleta. Kisima kiko chini ya mteremko, na shangazi na wanafunzi wake hupandisha maji kwa ndoo mpaka likizo ifike. Likizo wanafunzi huenda kwao, na miti nayo huenda zake.

Mwaka unaofuata miche mipya huingia kwenye mashimo yaleyale. Fomu ya wizara iliuliza jambo moja tu: miche mingapi imepandwa? Shangazi akajaza: mia mbili. Miaka kumi na minne. Kwenye karatasi tuna msitu wa miti elfu mbili na mia nane. Kiwanjani hata mjusi anatafuta kivuli.

Mwaka huu fomu ilikuja na kisanduku kipya: miti iliyo hai. Na maelezo chini yake. Shule yenye miti hai pungufu ya hamsini itapewa tangi la maji na bomba. Yenye zaidi ya elfu moja itapewa kibao cha Shule ya Mfano, cha kusimika getini.

Shangazi aliisoma akiwa amesimama, kisha akatafuta kiti. Goti lake la kulia siku hizi linalia kama bawaba. Tangi hilo alikuwa akiliomba tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Mkuu wa shule, ambaye ana miaka mitatu tu hapa, alitaka kibao.

"Chapa elfu mbili na mia nane," aliniambia.

"Yote hai, Mkuu? Hata sisi watu hatuna bahati hiyo."

"Wewe chapa, acha maneno."

"Andika kumi na mmoja," shangazi akasema kutoka kwenye kiti.

Nikabaki vidole hewani. "Shangazi..."

"Hapa kazini mimi ni mwalimu. Kumi na mmoja."

"Mwalimu," Mkuu akasema, na safari hii kwa upole, "saini kwenye fomu zote za nyuma ni yako. Watauliza msitu umekwenda wapi."

Mkuu akachukua fomu, akaandika idadi yake kwa mkono, akagonga muhuri.

Jumatatu afisa wa elimu wa wilaya alipita kukusanya fomu. Alisoma yetu, akachungulia dirishani, akaisoma tena.

"Miti yenyewe iko wapi?"

Mkuu aliniangalia mimi, kana kwamba nimeificha chini ya meza. Shangazi akafungua mkoba wake, akamwekea afisa daftari la mahudhurio mbele yake. Afisa alifunua kurasa kwa muda mrefu. Misalaba ilikuwa mingi kama makaburi ya vita.

"Kila wiki?"

"Isipokuwa likizo. Wengi wanafia likizo."

Afisa akafuta elfu mbili na mia nane, akaandika kumi na mmoja. "Tangi mnastahili," alisema. "Lakini faili letu lina msitu. Nahitaji barua ya maelezo kutoka kwa aliyejaza fomu za nyuma. Itakaa kwenye jalada lake, na onyo huenda likafuata. Umebakiza muda gani kustaafu, mwalimu?"

"Miaka miwili."

"Bila barua siwezi kuwaingiza kwenye orodha."

Shangazi akanigeukia. "Chapa."

Nikachapa. "Mimi ndiye niliyejaza, mimi ndiye niliyesaini." Kwa akili yangu nikaongeza mstari kwamba fomu haikuwahi kuuliza miti mingapi imepona. Akausoma juu ya bega langu.

"Toa hiyo."

"Lakini ni kweli!"

"Ni kweli. Ila nilijua wao wanadhani nini, nikawaacha wadhani. Toa, mwanangu, nimechoka."

Nikautoa.

"Shule nyingine nazo zina misitu kama wetu?" shangazi akamuuliza afisa.

Afisa alipapasa rundo lake la fomu. "Leo nimepita tisa. Zote misitu."

"Na barua ngapi?"

"Hii yako."

"Basi wilaya nzima mwongo atakuwa mimi peke yangu," alisema. Akavuta kalamu mkononi mwangu, akasaini, na afisa akaiandika shule yetu kwenye orodha ya matangi.